Nitapimaje athari za machimbo ya changarawe kwa viumbe wa mtoni?

SWALI: Nimepewa kazi ya kutathmini athari za machimbo ya changarawe kwa wanyama wa mto mmoja. Uchimbaji utaanza baada ya miezi kumi na minne hivi. Nimepanga kwamba mitambo ikishaanza kazi nihesabu samaki na ndege juu ya machimbo na chini yake, kisha nilinganishe. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu, ila una bahati kwamba muda bado unao. Anza kuhesabu sasa, upitishe mwaka mzima, masika na kiangazi, kabla shimo halijachimbwa. Mto haufanani kotekote. Hapa maji yanakimbia juu ya mawe, pale yametuama. Ukikuta samaki wachache chini ya machimbo, utajuaje kwamba hawakuwa wachache tangu zamani? Kinachotafutwa ni kama tofauti kati ya sehemu hizo imebadilika baada ya uchimbaji kuanza. Kwamba zinatofautiana, hilo si jambo geni.

Kosa linalonisumbua zaidi ni kuuamini upande wa juu wa mto. Wengi huuchukulia kuwa haujaguswa. Shimo likichimbwa kwenye kitako cha mto, maji huporomokea ndani yake na kuula mdomo wa shimo, na mmomonyoko unapanda kinyume cha mkondo, mara nyingine kilomita kadhaa. Huku chini, maji yaliyoacha mchanga wake shimoni hutoka mepesi na kuanza kula kingo. Wataalamu wa mito huyaita maji yenye njaa. Kwa hiyo tafuta vijito au mito mingine ya kulinganishia, miwili au zaidi, yenye upana, mteremko na mawe yanayofanana na ya kwako. Pima pia umbo la kitako cha mto kwa kamba na rula ndefu, mahali palepale kila mara.

Ningeanza na mabuu ya wadudu wa majini. Hawana umaarufu, lakini hawawezi kuhama haraka, na wengi huishi kwenye mawe kwa miezi kadhaa, hivyo hubeba habari ambayo samaki aliyeogelea zake hawezi kukupa. Tega wavu wenye matundu ya nusu milimita, koroga mawe kwa mguu mbele yake kwa dakika tatu, na dakika ziwe zilezile kila kituo. Angalia hasa makundi matatu ya wadudu hao, yaani efemeroptera, plekoptera na trikoptera, kwa kuwa mengi yao hayavumilii tope.

Kwa samaki, usihesabu wakubwa peke yao. Wanaotaga kwenye changarawe huathirika pale tope laini linapoziba nafasi kati ya mawe na mayai kukosa oksijeni. Kwa hiyo tafuta vifaranga. Tope linaloelea majini lipime mitambo ikiwa kazini, na pia baada ya mvua, maana mvua nayo huleta tope lake.

Ndege watakuchanganya. Mbayuwayu wanaotoboa viota kwenye kingo hupenda kuta mpya za machimbo, na mashimo yaliyojaa maji huvuta ndege wa majini. Niliwahi kusoma ripoti iliyojisifu kwamba spishi zimeongezeka. Ukiitazama orodha yenyewe, waliotegemea maji yaendayo kasi walikuwa wametoweka. Andika ni nani amekuja na nani ameondoka. Na ukuta wenye viota ukibomolewa wakati wa makinda, kivutio kimegeuka mtego.

Miti ya kando ya mto inaweza kunyauka maji ya ardhini yakishuka, kwa hiyo weka mabomba machache ya kupimia kina chake.

La mwisho, mwombe mchimbaji ratiba yake ya miezi. Tani zilezile zikichimbwa msimu wa kutaga hudhuru kuliko zikichimbwa samaki wakishatotolewa, na bila ratiba hiyo hutaweza kueleza takwimu zako zilipotikisika.