Mkuu, usikaze cheni mpaka itulie, beringi ya giaboksi ndiyo itakayolipa

Mkuu, weka hiyo spana chini kwanza. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, oili, plagi, filta ya hewa, breki ya nyuma na cheni, kwa kuwa unataka kuihudumia pikipiki yako mwenyewe nyumbani kwa mara ya kwanza. Vizuri sana. Lakini katikati ya maelezo yako kuna sentensi moja iliyonishtua: kwamba cheni inapiga kelele na kuchezacheza, kwa hiyo "utaikaza mpaka itulie kabisa". Waliokujibu kabla yangu wameiruka sentensi hiyo, wako huko wanabishana oili gani ni bora. Acheni oili. Huyu mtu anakwenda kuua injini kwa spana mbili.

Cheni ya pikipiki haitakiwi kutulia. Inatakiwa icheze, na kiasi cha kucheza kimeandikwa kwa milimita.

Mara yangu ya kwanza kufanya kazi hii nyumbani nilikuwa na maneno hayohayo unayoyasema wewe. Aliyenipa ni fundi mwenye jina mtaani, mtu ambaye anaanza kujibu kabla hujamaliza kuuliza. Alisema cheni iliyokazwa sawasawa ni ile ambayo ukiisukuma kwa kidole haisogei. Akaongeza kwamba cheni iliyolegea huruka kwenye meno na inaweza kulifunga gurudumu la nyuma ukiwa mwendoni. Hilo la pili ni kweli kabisa, na ndilo lililoubeba ule upotoshaji wa kwanza. Nikazungusha adjasta, zile skrubu za nyuma za kukazia cheni, nikasukuma kwa kidole, haikusogea, nikafunga nati ya ekseli, yaani ule mhimili wa gurudumu la nyuma.

Kinachokera ni kwamba mwanzoni matokeo yanapendeza. Kelele zinakwisha. Ukivuta moto pikipiki inaitikia papo hapo, hakuna ule mshtuko wa cheni kujivuta kwanza. Unaamini umeweza. Halafu taratibu pikipiki inakuwa nzito kuisukuma hata ikiwa haina gia. Ukishuka baada ya safari na kusogeza mkono karibu na sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, unakuta ina joto lisilo la kawaida. Baadaye unakuja mvumo, sauti ya kusaga inayotoka chini ya miguu yako.

Uzingatie huo mvumo, maana una tabia yake. Haupandi na kushuka kufuata injini, unafuata mwendo wa gurudumu. Ukibana klachi na kuiacha pikipiki iteremke yenyewe, sauti bado ipo. Sababu ni kwamba shafti, yaani mhimili unaotoka kwenye giaboksi na kubeba sproketi ya mbele imeunganishwa na gurudumu kwa cheni, kwa hiyo gurudumu likizunguka na yenyewe inazunguka, klachi uibane usiibane. Mtu akikwambia mvumo wa namna hiyo ni wa pistoni, usimpe pikipiki yako.

Mimi nilirudi kwa fundi yuleyule. Akasikiliza kidogo tu, akasema ni oili, niweke nzito zaidi. Nikaweka. Kisha oili ikaanza kuchuruzika nyuma ya sproketi ya mbele. Akasema ni sili, ile pete ya raba inayozuia oili kuzunguka shafti. Sili ikabadilishwa, ikavuja tena, na ilikuwa lazima ivuje, kwa sababu tatizo halikuwa sili. Shafti yenyewe ilikuwa inayumba, na hakuna sili duniani inayoweza kuzuia oili kwenye shafti inayoyumba. Mtu mwingine kabisa ndiye aliyeondoa kifuniko, akailegeza cheni, akaishika sproketi ya mbele na kuitikisa juu na chini. Ilicheza. Beringi ya shafti ilikuwa imekwisha.

Sasa sikiliza gharama ilipo. Beringi yenyewe ni kitu cha kuenea kiganjani. Lakini imekaa ndani ya kasha la injini, na kwenye pikipiki nyingi ndogo kasha hilo ni nusu mbili zilizobanwa pamoja, kila kitu kikiwa kimefungiwa katikati. Kuifikia, injini inashuka kwenye fremu. Eksozi inatoka, kabureta inatoka, nyaya zinachomolewa. Kichwa cha silinda, silinda, pistoni. Upande mmoja klachi yote, upande wa pili sumaku ambayo haitoki bila kifaa chake maalumu cha kuivuta. Ndipo kasha linapasuliwa. Na ukishalipasua huwezi kurudisha gasketi na sili za zamani. Kwa hiyo unalipia kazi ya kufanya ovaholi ilhali injini haikuwa na ugonjwa wowote. Juu yake ukaongeze cheni na sproketi, maana nazo zililiwa, na beringi za gurudumu la nyuma, maana cheni iliyokazwa inavuta ncha zote mbili.

Yule fundi sijamsamehe. Hakuna siku nilimwona ameshika rula. Kitabu cha mwongozo kilikuwa chini ya siti ya pikipiki na alisema vitabu ni vya watu wasiojua kazi. Mtu anayefanya kazi kwa vyombo vya watu, vyombo vinavyobeba watu, hana haki ya kusema hivyo. Na wale wanaorekodi video za "huduma ya pikipiki kwa dakika tano" wakionyesha cheni imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, nao wamo. Cheni iliyonyooka inapendeza kwenye kamera tu.

Nikueleze kwa nini, ili kesho mtu asikuyumbishe. Gurudumu lako la nyuma limeshikwa na mkono unaopanda na kushuka, mafundi wanauita swingamu. Mkono huo unazunguka kwenye pini yake. Sproketi ya mbele haipo kwenye pini hiyo, ipo mbele yake kidogo. Kwa hiyo gurudumu linapopanda na kushuka, umbali kati ya sproketi ya mbele na ekseli ya nyuma haubaki uleule. Umbali unakuwa mkubwa kuliko wote pale vitu vitatu vinapokuwa kwenye mstari mmoja: kitovu cha sproketi ya mbele, pini ya swingamu, na ekseli. Hapo ndipo cheni inapokaza kabisa.

Pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi bila mtu, shokapu zimetanuka na gurudumu liko chini ya huo mstari. Wewe ndipo unapoikazia hapo. Kisha unapanda, abiria anapanda, mzigo unawekwa, unaingia kwenye shimo: gurudumu linapanda kuelekea mstarini na umbali unaongezeka. Cheni ya chuma hainyumbuliki kama mpira. Ikikosa pa kutoa nafasi, inavuta kinachoishikilia, na kinachoishikilia mbele ni ile shafti na beringi yake. Kila shimo, kila tuta. Ule mchezo unaoona cheni inao ukiwa kwenye stendi ni akiba ya safari hiyo ya gurudumu.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na ningetaka uishike hata ukisahau mengine yote: cheni hupimwa kwa rula, haikazwi kwa hisia. Na ukibaki njia panda, chagua upande wa kulegea wa kipimo, siyo upande wa kukaza.

Fanya hivi. Tafuta kipimo cha pikipiki yako kwenye kitabu, au angalia stika iliyobandikwa kwenye swingamu au kwenye kifuniko cha cheni. Pikipiki nyingi za barabarani huwa kati ya milimita 20 na 30, nyingine 25 hadi 35, na zile za njia mbovu zenye shokapu ndefu huhitaji zaidi. Usichukue namba yangu, chukua ya kwako. Soma pia inavyotakiwa kusimama wakati wa kupima: stendi ya pembeni, stendi ya kati, au mtu akiwa amekaa. Namba bila hali yake haina maana.

Kabla ya kupima, weka gia huru, zima injini, na zungusha gurudumu kwa mkono taratibu. Cheni haichakai sawa kila mahali, utakuta kuna sehemu inalegea na sehemu inakaza. Pima pale inapokaza zaidi. Ukirekebisha pale ilipolegea, sehemu iliyokaza ikifika itakuwa imebana kupita kiasi na umerudi kulekule kwangu. Shika upande wa chini wa cheni, katikati ya sproketi mbili, isukume juu, ivute chini, rula ikiwa pembeni. Tofauti ya juu na chini ndiyo kipimo. Kama cheni yako imefunikwa yote, kuna kizibo cha raba chini ya kifuniko, kitoe uchungulie.

Ukiona inahitaji kukazwa kweli, toa kotapini, ile pini ya kuzuia nati isifunguke, legeza nati ya ekseli, kisha zungusha adjasta za pande zote mbili kwa kiasi sawa, robo mzunguko tu kwa wakati, huku ukiangalia zile alama kwenye swingamu kulia na kushoto zilingane. Zisipolingana gurudumu linakaa upande na cheni inakula meno ya sproketi. Halafu hapa ndipo wengi wanapokosea: ukifunga nati ya ekseli, kipimo hubadilika, mara nyingi cheni hukaza kidogo. Pima tena baada ya kufunga. Ikiwa imebadilika, fungua urudie. Kotapini irudi mpya, siyo ile iliyokwishapindwa mara mbili.

Nikiwa na wasiwasi na pikipiki nisiyoijua, huwa nawaomba watu wawili wazito wakae mpaka gurudumu lifike kwenye ule mstari, kisha nasukuma cheni. Hata hapo inatakiwa ibaki na mchezo kidogo. Ikiwa imenyooka kabisa, nalegeza, hata kama fundi gani amesimama pembeni anacheka.

Breki ya nyuma uliyoiuliza inaingia hapahapa. Kama ni ya ngoma, gurudumu likirudi nyuma ule mtaimbo wa breki unavutika na pedali inapungua mchezo. Usipolegeza nati yake kidogo, breki itakuwa inagusa muda wote na ngoma itapata joto kali. Zungusha gurudumu kwa mkono uone liko huru, na hakikisha taa ya breki haiwaki yenyewe.

Sasa hizo kelele zako. Cheni kupiga kelele haina maana kwamba imelegea. Mara nyingi ni kavu au chafu. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini, ifute, ipake oili nzito ya gia au kilainishi cha cheni, ikiwezekana wakati bado ina joto la safari ili kiingie ndani ya viungo. Kama ina oringi, yaani pete ndogo za raba kati ya viungo, usiipige petroli wala brashi ya waya, utaziua raba hizo na grisi ya ndani itatoka. Na tafadhali sana: injini imezimwa. Usimwige yeyote anayesafisha cheni huku injini inazungusha gurudumu na kitambaa kipo mkononi. Kitambaa kikinaswa, vidole vinafuata kati ya cheni na sproketi.

Ukishapaka mafuta na bado inalia, angalia kama viungo vimeganda, na angalia meno ya sproketi ya nyuma. Yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja, hakuna kukaza kutakakosaidia. Pima urefu wa cheni pia: ivute inyooke, hesabu pini 21, yaani nafasi 20. Cheni ya saizi 428 ikiwa mpya urefu huo ni milimita 254, ikifika karibu 259 imekwisha. Ile ya 520 huanza na 317.5, na kwenye pikipiki nyingi ikizidi 319 na kitu unaitoa. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, kwa sababu cheni mpya kwenye meno ya zamani haimalizi muda wake. Na kama cheni inafungwa kwa klipu, upande wa klipu uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda, ule wenye uwazi ubaki nyuma.

Oili, angalia tu kopo limeandikwa JASO MA au MA2, alama ya kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki, maana klachi yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na uzito wake uwe ule wa kitabu.

Ila usiguse oili leo. Nenda kwenye cheni, zungusha gurudumu, tafuta ilipokaza, weka rula, kisha rudi uandike hapa umepata milimita ngapi, stika inasema ngapi, na pikipiki ilikuwa kwenye stendi ipi. Kama tayari ulishaikaza jana, ilegeze sasa hivi kabla hujaipanda, halafu ishike sproketi ya mbele uitikise juu na chini utuambie kama inacheza.