Thing: neno lililokuwa baraza kabla ya kuwa kitu

Katika safu iliyopita niligusia, kwa sentensi moja tu, kwamba neno la Kiingereza *thing*, ambalo mwanafunzi hufundishwa siku za mwanzo kabisa kuwa ni "kitu", hapo kale lilikuwa na maana ya baraza. Sentensi hiyo imeleta maswali mengi kuliko safu nzima iliyoibeba. Nimechagua saba, na nimeyafupisha pale yalipokuwa marefu.

Umedai kuwa *thing* lilimaanisha baraza. Ushahidi uko wapi, au ni yale yale ya mitandaoni? (Msomaji, Tanga)

Ushahidi ni wa maandishi, tena ya kale. Katika robo ya mwisho ya karne ya 7, wafalme wawili wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, Hlothhere na Eadric, walitoa sheria ambazo zimetufikia kupitia kitabu kilichonakiliwa Rochester katika karne ya 12. Kifungu kimoja kinaagiza kwamba mtu akimshitaki mwenzake, kisha akakutana naye barazani, mshitakiwa atoe mdhamini. Neno lililotumika hapo kwa baraza ni *þing*, na herufi hiyo ya kwanza husomwa kama *th* ya "thelathini". Kifungu hicho hicho kina neno *sacu*, yaani shitaka au ugomvi, ambalo nitalirudia hapa chini.

Kwa jamaa zao wa Skandinavia jambo hili halikuwa na utata hata kidogo: *thing* lilikuwa mkutano wa watu huru uliotunga sheria, uliokata kesi na uliosuluhisha visasi kabla havijamwaga damu zaidi. Mwanahistoria Mroma Tacitus, akiandika mwaka 98 kwa Kilatini na hivyo bila kulitaja neno lenyewe, aliieleza mikutano ya Wagermani wa zama zake, yaani makabila ambayo Waingereza na Waskandinavia ni wa ukoo wake. Walikutana mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, walihesabu usiku badala ya mchana, na walikaa wakiwa na silaha zao. Wakiikataa hoja walinung'unika, wakiikubali waligonganisha mikuki. Tacitus analalamika pia kwamba hawakufika kwa wakati, hata siku ya pili na ya tatu zikapotea kwa kungojana. Waandaaji wa vikao vya harusi watamwelewa bila kufasiriwa.

Kuhusu mzizi wenyewe, wanaisimu wengi wanauhusisha na neno la kale la Kigermani lililomaanisha "wakati". Baraza liliitwa hivyo, basi, kwa kuwa lilikuwa na siku yake iliyopangwa.

Nimekubali. Lakini mkutano unageukaje kuwa kikombe, kiatu au meza? (Msomaji, Dodoma)

Haukugeuka kwa siku moja, na njia yenyewe ukiitazama hatua kwa hatua haina miujiza. Kwanza neno lilitaja mkutano. Kisha likataja kile kilichowakutanisha watu, yaani shauri lililoletwa mbele yao. Halafu likataja jambo lolote linaloweza kusemwa au kutendwa, hata kama halikupata kufikishwa barazani. Mwisho, kwa kuwa jambo linalozungumzwa mara nyingi ni mali (ng'ombe aliyeibwa, shamba linalogombewa, upanga uliorithiwa), neno likakiangukia kitu chenyewe kinachoshikika. Kufikia karne ya 9 maandiko ya Kiingereza cha Kale yalikuwa tayari yakilitumia kwa maana ya jambo na ya kitu, na maana ya baraza ilikuwa ikirudi nyuma.

Iliyosaidia kuisukuma nyuma ni kwamba Waingereza walikuwa na neno jingine la mkutano, *gemot*, ambalo ndilo lililoshika kazi hiyo. Wanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanalitumia mpaka leo bila kujua, kila wanaposhindana katika mahakama ya mazoezi wanayoiita *moot*. Baadaye Wanormani, watawala waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, walikuja na Kifaransa chao, na bunge na mahakama vikapata majina mengine. *Thing* likabaki halina ofisi, na neno lisilo na ofisi hutumwa kila mahali.

Linalonivutia zaidi ni kwamba Kiingereza hakikuwa peke yake. Kilatini kilikuwa na *causa*, yaani kesi ya mahakamani au sababu. Wafaransa wakalirithi likawa *chose*, Waitaliano na Wahispania likawa *cosa*, na kwa wote watatu maana yake ni "kitu". Lile *sacu* la sheria za Kent lina ndugu yake wa Kijerumani, *Sache*, ambalo leo ni "kitu" au "jambo". Nalo *sacu* lenyewe limebaki katika Kiingereza likiwa *sake*, lakini hutumika karibu katika msemo mmoja tu, *for the sake of*, yaani "kwa ajili ya". Lugha zote hizo zilianza na watu wanaogombana mbele ya wenzao, zikaishia kwenye jina la kila kilichopo duniani. Kwa maoni yangu hilo si bahati nasibu: binadamu hutafuta neno la jumla la kukitaja kitu pale anapolazimika kukizungumza na mtu asiyekubaliana naye.

Je, kuna mahali ambapo *thing* bado ni baraza? (Msomaji, Zanzibar)

Pako, tena pengi. Bunge la Norwei linaitwa Storting, yaani baraza kuu, na la Denmark ni Folketing, baraza la watu. Mahakama za wilaya za Uswidi zinaitwa *tingsrätt*. Bunge la Iceland ni Althing, na hilo linastahili maelezo.

Althing lilianzishwa mwaka 930 katika bonde la Thingvellir, jina ambalo maana yake ni "nyanda za baraza". Hapakuwa na jengo. Kila kiangazi watu walisafiri kwa farasi kutoka pande zote za kisiwa, wakapiga kambi kando ya mto Öxará kwa muda wa wiki mbili hivi, na juu ya mwamba ulioitwa Mwamba wa Sheria alisimama msema-sheria, akiwa na ukuta wa majabali nyuma yake. Sheria hazikuwa zimeandikwa. Zilikuwa kichwani mwake. Kazi yake ilikuwa kuzighani theluthi moja kila mwaka, hata muhula wake wa miaka mitatu ulipokwisha awe amezimaliza zote mbele ya umati. Uandishi wa sheria hizo ulianza majira ya baridi ya 1117 kuingia 1118, kwa hiyo kwa karibu karne mbili nchi nzima iliendeshwa kwa kumbukumbu na koo la mtu mmoja. Althing lilivunjwa mwaka 1800, likarudishwa mwaka 1845 katika mji wa Reykjavík, lakini jamhuri ilipotangazwa tarehe 17 Juni 1944, watu walirudi Thingvellir kuitangaza pale pale.

Kisiwa cha Man, kilichoko kati ya Uingereza na Ireland, kina Tynwald, jina lililotokana na neno lile lile la nyanda za baraza. Tarehe 5 Julai wajumbe huandamana kwenye njia iliyotandazwa matete hadi kilima cha ngazi nne, na hapo sheria mpya husomwa kwa muhtasari, kwa Kiingereza na kwa Kimanx, lugha ya asili ya kisiwa hicho. Mwananchi mwenye malalamiko anaruhusiwa kufika chini ya kilima na kukabidhi ombi lake. Ramani nayo imehifadhi mengine: Dingwall huko Uskoti, Tingwall huko Shetland, Thingwall karibu na Liverpool. Pote hapo palikuwa na baraza.

Nimesikia kwamba siku ya Jumanne ina uhusiano na neno hili. (Msomaji, Arusha)

Kwa Kijerumani na Kiholanzi, ndiyo. Kwa Kiingereza, hapana. *Tuesday* ni siku ya Tiw, mungu wa kale wa Wagermani. Wajerumani husema *Dienstag* na Waholanzi *dinsdag*, na maelezo ya kawaida ni kwamba majina hayo yametokana na sifa ya mungu huyo huyo akiwa mlinzi wa baraza. Sifa hiyo imechongwa kwenye jiwe huko Housesteads, kwenye ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, ambako askari Wagermani wa jeshi la Roma walimwekea madhabahu "mungu Mars Thincsus" katika karne ya 3: Mars ni jina la Kiroma alilopewa Tiw, na Thincsus ni "wa baraza".

Kila ukifika uchaguzi wa Uingereza nasikia redioni neno *hustings*. Ni ukoo mmoja? (Msomaji, Mombasa)

Ni ukoo mmoja kabisa. *Hus* ni nyumba, kwa hiyo *husting* lilikuwa baraza la nyumbani, yaani la mfalme au kiongozi na watu wake wa karibu, tofauti na baraza la watu wote. Neno liliingia Uingereza na Wadenmark, na mojawapo ya mara za mwanzo linapoonekana katika kumbukumbu za mwaka za Waingereza, linaonekana vibaya. Mwaka 1012 Wadenmark walikuwa wamemteka Askofu Mkuu wa Canterbury, Ælfheah, naye akakataa kukombolewa kwa fedha. Wakamburuta hadi kwenye *husting* yao huko Greenwich, wakiwa wamelewa, wakampiga kwa mifupa na vichwa vya ng'ombe mpaka akafa.

Baadaye neno likawa jina la mahakama ya jiji la London, kisha la jukwaa ambalo wagombea ubunge walipandishwa ili wapendekezwe hadharani. Sheria ya kura ya siri ya mwaka 1872 iliuondoa utaratibu huo, ila neno halikuondoka: sasa ni mikutano ya kampeni ambako wagombea wanaulizwa maswali. Hakuna anayerushiwa mfupa.

Na kitu chetu je? Kilikuwa baraza pia? (Msomaji, Bukoba)

Hapana. "Kitu" kimejengwa kwa mzizi wa Kibantu ambao ndio huo huo wa "mtu". Kinachobadilika ni ngeli tu. Hakikupita barazani.

Ila tunalo neno jingine lililopita njia ile ile hatua kwa hatua, nalo ni "shauri". Asili yake ni Kiarabu, kwenye familia moja na *shura*, yaani kushauriana, na kwetu bado maana hiyo ipo katika "ushauri", "mshauri" na "halmashauri". Kutoka kushauriana likawa kesi: aliyewahi kukaa kwenye benchi la nje ya mahakama ya mwanzo anamjua karani anayetoka na majalada kwapani, akaita "Shauri la madai namba kumi na mbili!", na watu wawili wasiotazamana wakasimama. Kutoka kesi likawa jambo lolote linalomhusu mtu, ndiyo maana tunaambiana "shauri yako". Na kutoka hapo likawa sababu, kama anaposema mzee wa pwani kwamba hakuja "shauri ya mvua". Linganisha na *sake* ya Waingereza, au *causa* ya Waroma. Kasoro yake ni moja tu: halijafika kwenye kikombe na kiatu. Hakuna Mswahili anayesema "nipe lile shauri juu ya meza".

Kuna msomaji aliyeniandikia kwamba "baraza" lingefaa zaidi kwa mfano huu. Nadhani limekwenda njia nyingine, maana lilianza na kibaraza cha kukalia mbele ya nyumba likapanda hadi Baraza la Mawaziri, ilhali *thing* lilishuka.

Mimi ni mfasiri. Kila nikiandika "kitu" mhariri wangu analikata. Nifanyeje? (Msomaji, Nairobi)

Mhariri wako ana haki zaidi ya nusu. Mwingereza anapoanza sentensi kwa *the thing is*, hana kitu chochote mkononi. Anatumia maana ya zamani, ya jambo lililowekwa mbele ya watu, na Kiswahili chake ni "neno lenyewe ni hili" au, mtaani, "ishu ni kwamba". *How are things?* ni "mambo vipi?", wala si "vitu vipi?". *Poor thing* ni "maskini wee". Vijana wa Kiingereza wanapouliza kama jambo fulani *is a thing*, wanataka kujua kama linatambulika na watu, na hapo "ipo kweli hiyo?" inatosha. Na pale mwandishi wa Kiingereza amelisahau jina la kifaa akakimbilia *thing*, usiandike "kitu" wala "jambo". Andika "kidude", na mhariri hatakigusa.