Charles Young, kanali aliyenyimwa vita

Uliyeuliza kama Marekani ilikuwa na ofisa mweusi wa wapanda farasi enzi za Vita Kuu ya Kwanza: alikuwepo, Charles Young. Alizaliwa 1864 Kentucky, wazazi wake wakiwa watumwa, akahitimu West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, 1889. Mwaka 1916 huko Mexico aliongoza askari wa Kikosi cha 10 cha wapanda farasi kushambulia wakiwa juu ya farasi, bastola mkononi.

1917 alikuwa mbioni kuwa jenerali. Madaktari wakasema ana shinikizo la damu, akapewa ukanali na kustaafishwa papo hapo. Kisingizio, kwa maoni yangu: maofisa weupe walikuwa wamekwishalalamika kuwa chini ya mtu mweusi. Juni 1918 akapanda farasi kutoka Wilberforce, Ohio, hadi Washington, karibu kilomita 800, kuonyesha yu mzima. Wakamrudisha kazini Novemba, vita vikiwa vimebakiza siku chache tu!

Alifia Lagos, Nigeria, Januari 1922 akiwa mwambata wa kijeshi (ofisa wa jeshi ubalozini) nchini Liberia. Ubrigedia jenerali alipewa 2022. Nyumba yake Wilberforce sasa ni eneo la kumbukumbu la taifa.