Bwana afya aliyeuliza maji

Mwaka wa tisa huu nauza chakula Majengo, kisiwani Mombasa: asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai. Cheti cha afya sijawahi kukosa. Sheria yataka anayeshika chakula cha watu apimwe kila miezi 6, na choo chake kipimwe maabara pia, lakini kuna mara mbili nilitoa pesa tu, karatasi ikaja na muhuri wake. Kanjo, askari wa kaunti, wakipita naitoa, wanaitazama, wanaenda zao. Sufuria hakuna aliyeifunua.

Kisha akaja bwana afya mmoja, yaani mkaguzi wa afya, kijana, saa nne ya jua kali. Hakutaka karatasi. "Mamangu, haya maji yametoka kisima gani?"

Sikujua. Mfereji wetu hukaa siku kadhaa bila tone, kwa hivyo nanunua mitungi ya lita 20 ya mkokoteni. Akanieleza kwamba kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na choo cha shimo kikiwa karibu na kisima, uchafu hupenya upesi. Nami ukwaju wa kumwagia viazi nilikuwa siuchemshi, nauroweka tu. Yaani viazi navitoa kwenye mafuta yanayotokota, halafu pengine navimwagia kipindupindu juu!

Hakunitoza kitu. Aliniambia ninunue ndoo ya bomba, nitie dawa ya maji, ukwaju niuchemshe, atarudi wiki ijayo. Akarudi kweli. Kule kurudi ndiko kulikonitia adabu, kuliko faini zote nilizowahi kulipa.

Kwa hivyo wanaotunga masharti, nawaomba mwanze na lile linalotimizika. Ukimtaka mama wa meza ya barabarani awe na sinki la maji yanayotiririka mahali pasipo mfereji, usafi hajaupata. Umemfungulia askari duka. Lakini ukimwambia apike sufuria mbili ndogo za mbaazi badala ya moja kubwa, na ya pili ikae jikoni ikifuka, ataelewa mara moja. Tui la nazi kwa joto la Mombasa halingoji mtu.

Tena sheria ifuate chakula kinakopita. Mwaka 2004, aflatoksini, ile sumukuvu ya mahindi, iliua watu 125 Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, kule Ukambani. Mengi yalikuwa mahindi ya shamba lao, yaliyowekwa na unyevu. Mkaguzi wa sokoni angewafikiaje? Na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Pale turubai la kuanikia lingefaa kuliko hakimu.

Nanyi wauzaji wenzangu, msingoje serikali kwa kila jambo. Sisi wa meza sita tunachanga dawa ya maji, na mwenye mkokoteni tulimwambia twataka kuona anapochota. Alinuna, akahama mtaa. Aliyekuja baadaye alitupeleka mwenyewe hadi bombani.