Ukitaka kucheza padeli Ulaya, anza na mwenza

Vijana wanaocheza padeli, mchezo wa raketi unaofanana na tenisi ila uwanja umezungushiwa kuta za kioo, Nairobi na Dar es Salaam huniandikia, na wengi huanza na swali la raketi: ninunue ipi? Wengine huuliza waanzie mashindano gani. Mimi huwarudishia swali: utacheza na nani? Padeli ya mashindano huchezwa wawili wawili. Tangu nianze maisha haya, nikifundisha Dubai na kupanda ndege kwenda Hispania, Italia au Ureno kucheza mashindano madogo ya FIP, Shirikisho la Kimataifa la Padeli, misimu yangu mizuri na ile iliyoharibika yote imetokana na jibu la swali hilo.

Utaratibu wenyewe unakulazimisha. Kila mchezaji ana pointi zake kwenye orodha ya dunia, lakini pea hupangwa kwa jumla ya pointi za wote wawili. Ukiwa nazo chache na mwenzako hana kitu, mtaangukia kwenye mchujo, au mtabaki nje mkisubiri wengine wajitoe. Mkifungwa mechi ya kwanza ya mchujo, safari imeishia hapo kabla droo kuu, yaani mashindano yenyewe, haijaanza, na chumba mmeshakilipia. Fedha za zawadi za ngazi hii hugawanywa kwa wawili, hukatwa kodi, na mara nyingi hazifikii hata nauli.

Kinachonilisha mimi ni kufundisha. Wanafunzi huja jioni wakitoka kazini, kwa hiyo mazoezi yangu nayafanya mchana. Kama nawe utaishi hivyo, mwonyeshe mwajiri kalenda yako ya mashindano kabla hujasaini mkataba, na ruhusa za safari ziandikwe humo. Ahadi ya mdomo husahaulika msimu wa wateja wengi ukifika.

Turudi kwa mwenza. Jambo la kwanza ni upande. Wa kushoto kwa kawaida ndiye mwenye smashi, pigo la nguvu la juu ya kichwa, mwenye kumaliza pointi; wa kulia hujenga, hutuliza, hurudisha mipira migumu. Mwenye mkono wa kushoto mara nyingi huwekwa kulia ili mapigo ya nguvu yakutane katikati, kama Arturo Coello, mchezaji maarufu wa mkono wa kushoto, anavyocheza na Agustín Tapia. Nimeona marafiki wa damu, wote wachezaji wa upande wa kushoto, wakilazimisha kucheza pamoja kwa sababu tu wanapendana. Wanagongana kwenye kila mpira wa katikati. Marafiki wabaki marafiki. Mwenza mtafute wa upande ule usiocheza wewe.

Jambo la pili ni pesa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kaeni chini mapema, mwandike: nani analipa nini, mtacheza mashindano gani, mmoja akiumia tiketi ya mwingine itakuwaje, mtatathmini lini kama mnaendelea. Mwenza wangu mmoja alinitumia ujumbe usiku kwamba amepata mtu mwenye pointi nyingi zaidi, nami nimeshakata tiketi. Kuachana si aibu. Alejandro Galán na Juan Lebrón waliongoza dunia pamoja, na mwaka 2024 kila mmoja akashika njia yake. Fernando Belasteguín na Juan Martín Díaz walidumu kileleni miaka 13, lakini hao ni wa kipekee. Achaneni, ila mwishoni mwa kipindi mlichokubaliana, ana kwa ana.

Viza nayo ni jambo la wawili. Ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, unaweza kuiomba hadi miezi 6 kabla ya safari, na ikitoka inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Wahispania na Waitaliano hawajui shida hii. Mweleze mwenzako wa huko mapema kwamba huwezi kuamua Jumatatu ukacheza Alhamisi. Panga mashindano mawili matatu yanayofuatana nchi jirani, usirudi nyumbani katikati. Na bima ya viza isome yote, kwa sababu nyingi hazigharamii majeraha ya mashindano. Kigimbi au kano ya kisigino ikikatika uwanjani, utajilipia.

Sasa uwanjani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira hukimbia. Ukipiga smashi nzito, inadunda, inapanda na kuuvuka ukuta wa nyuma wa mita 4, pointi imekwisha. Ipige smashi hiyo hiyo pwani ya Hispania jioni ya Februari. Mpira umekuwa mzito kwa baridi na unyevu, unagonga kioo na kurudi katikati ya uwanja, taratibu, mbele ya mpinzani aliyekwisha kujipanga. Wachezaji wazuri wa kwetu hupoteza seti nzima hivi, wakiamini wanahitaji kupiga kwa nguvu zaidi. Kinachotakiwa hapo ni bandeja: unaukata mpira ukiwa juu, kwa mkono mtulivu, unauelekeza kona ya nyuma, uguse kioo na kubaki chini, nawe hujatoka kwenye wavu. Ifanyie mazoezi mpaka mkono uizoee, hata kama nyumbani haikupi pointi. Kabla ya mechi gusa kioo kwa kiganja. Kikiwa na umande, mpira utateleza kuelekea chini, kwa hiyo kunja magoti mapema.

Raketi, kwa kuwa mtaniuliza tu: chukua mbili zinazofanana, sponji ya ndani isiwe ngumu sana, maana baridi huzidi kuikaza na kiwiko ndicho kinachoumia.

Na mkitolewa siku ya kwanza, usikimbilie uwanja wa ndege. Baki siku mbili. Pea zilizofungwa hutafuta watu wa kufanya nao mazoezi asubuhi, viwanja vya pembeni vikiwa wazi, na makocha wana muda wa kuongea. Jitambulishe, taja upande wako, pointi zako, na tarehe ambazo viza yako inaruhusu. Wiki hizo ndizo pea huvunjika, na mwenza niliye naye sasa nilimpata hivyo, tukisubiri uwanja namba 4 umalize kufagiliwa.