Wasomaji Wanauliza: Bahasha ya Babu Yenye Muhuri wa Zanzibar

SWALI: Ndugu Mhariri, katika sanduku la marehemu babu yetu tumekuta bahasha yenye anwani iliyoandikwa kwa Kigujarati, iliyopelekwa Bombay, ikiwa na stempu mbili za India na muhuri wa Zanzibar wa mwaka 1878. Binamu yangu anashauri tuzibandue stempu kwa maji ya vuguvugu na kuziuza, kwa kuwa bahasha imechakaa. Je, zina thamani, na mtu huziuzaje mnadani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mzuieni binamu yenu. Stempu hizo zilitumika India nzima kwa wingi, na zikishabanduliwa zitabaki na vipande tu vya muhuri. Mnunuzi wa mnadani hulipia safari ya barua: ilikotoka, ilikopitia, nauli iliyotozwa na siku iliyofika, na ushahidi wote huo umo katika bahasha nzima. Mwaka 1993, katika mnada wa Zurich, barua ya mwaka 1847 iliyotoka Mauritius kwenda kwa mfanyabiashara wa mvinyo wa Bordeaux iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 5 za Uswisi, kwa sababu stempu zake mbili adimu zilikuwa bado mahali zilipobandikwa. Yenu haitafika huko hata kidogo, lakini kanuni ni ile ile.

Msishangae kuona stempu za India katika barua iliyotoka Unguja. Posta ya pale ilikuwa tawi la posta ya India iliyotawaliwa na Waingereza: ilifunguliwa mwaka 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikafunguliwa tena mwaka 1875 na kuendelea hadi Novemba 1895. Barua za kipindi kile kifupi cha mwanzo ni adimu mno. Za baada ya 1875 hupatikana zaidi, ingawa nazo zina wanunuzi wake. Someni maandishi yaliyo juu ya stempu. Kwa mwaka 1878 yanapaswa kuwa EAST INDIA POSTAGE, kwa kuwa yale ya INDIA POSTAGE yalianza mwaka 1882. Mkiyakuta haya ya pili, kuna hitilafu kubwa. Kisha geuzeni bahasha, kwa maana posta za India zilikuwa na desturi ya kugonga nyuma muhuri wa kupokelea. Tangu mwaka 1872 merikebu za moshi za kampuni ya British India zilichukua barua kati ya Zanzibar na Aden, kwa hiyo muhuri wa Aden, ukiwapo, ambao mtu asiyejua angeuona kama doa, huongeza bei.

Ama kuhusu mnada, tumeni kwanza picha za pande zote mbili kwa nyumba mbili au tatu zinazonadi historia ya posta, mlinganishe makadirio yao. Kubalianeni kwa maandishi juu ya bei ya chini ambayo bahasha haitauzwa chini yake, na ulizeni ada zote, kwani hapa ndipo wauzaji wengi hushtuka. Tuseme nyundo imegongwa kwa pauni 1,000 na dalali anamkata muuzaji asilimia 15: ninyi mtapokea 850, ilhali mnunuzi, akiongezewa asilimia 20, atalipa 1,200. Mkisubiri, msiihifadhi bahasha katika plastiki ya kawaida, wala msiibane kwa gundi ya utepe, ambayo imeharibu barua nyingi kuliko mchwa.

SWALI: Nimeuziwa bahasha ya Mombasa yenye stempu za Uingereza zilizopigwa chapa ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na muhuri wa Februari 1890. Je, ni halali? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Tarehe yenyewe inaikana. Stempu hizo zilitolewa Mei 1890, na kabla ya hapo hazikuwapo za kugongwa muhuri Mombasa. Chapa za aina hiyo zimeghushiwa sana, kwa kuwa stempu ya kawaida ya Uingereza hupatikana kwa bei nafuu na kinachobaki ni kuongeza maneno juu yake. Chunguza pia kama muhuri umekanyaga stempu na karatasi kwa pamoja bila mstari wake kukatika. Ukikatika pembeni mwa stempu, huenda stempu ilibandikwa baadaye. Hata bahasha halali za mwaka ule nyingi zilitumwa na wakusanyaji waliojiandikia wenyewe, nazo hazifikii bei ya barua ya biashara. Rudisha mzigo huo, na ukinunua tena bahasha ya bei kubwa, dai kwanza cheti cha kamati ya wataalamu, kama ile ya Royal Philatelic Society ya London, kabla ya kutoa fedha.