Kwa Wanaoanza Kusoma Magma: Ulizeni Joto Limetoka Wapi

Wengi wanaoanza jiolojia ya volkano hukariri kwanza majina ya miamba, kisha hudhani kwamba bazalti, trakaiti na rayolaiti zilipanda kutoka kilindini zikiwa tayari zimetofautiana. Ninawashauri muanze na safari yenyewe. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayotoka chini ya ganda la dunia mara nyingi ni ya bazalti, yenye joto la karibu nyuzi 1,200 za Selsiasi na silika (muungano wa silikoni na oksijeni) karibu asilimia 50. Inapopoa, olivini, yenye silika kidogo na magnesiamu nyingi, huwa miongoni mwa madini ya kwanza kuganda. Fuwele hizo na zinazozifuata zikishatengana na kimiminika, kinachobaki huzidi kuwa na silika, sodiamu na potasiamu. Katika Bonde la Ufa la Kenya, trakaiti za volkano ya Menengai hufafanuliwa kwa kiasi kikubwa kwa njia hiyo, na huko wachorongaji wa visima vya jotoardhi wamekuta magma yenyewe kwenye kina cha takribani kilomita 2.

Ugumu huanza pale mwamba unaoizunguka magma unapoingia katika hesabu. Ni rahisi mno kuandika kwamba magma iliyeyusha kuta za chumba chake, lakini mwamba baridi unahitaji joto jingi kufikia kiwango cha kuyeyuka, na jingine tena ili uyeyuke. Joto hilo hutoka kwa magma inayopoa na kwa fuwele zake, ambazo huachia joto zinapoganda. Kwa hiyo anayedai kwamba ukuta uliyeyuka hana budi kutuonyesha pia fuwele zilizolipia kazi hiyo. Mimi husoma ripoti nikitafuta jambo hili kabla ya lolote.

Isotopu za strontiamu, yaani atomi zake zenye uzito tofauti, husaidia sana, kwa sababu kuganda kwa fuwele hakubadilishi uwiano wa strontiamu 87 kwa strontiamu 86, ilhali matale (graniti) ya kale, ambamo rubidiamu imekuwa ikioza na kuwa strontiamu 87 kwa mamilioni ya miaka, huwa na uwiano wa juu. Hata hivyo, msiufanye uwiano huo kuwa hakimu wa pekee. Magma ikiyeyusha mwamba wenye umri mdogo uliotokana na magma ya jana ya bonde lile lile, alama yake huwa hafifu au haionekani kabisa, na hii ni sababu mojawapo ya chanzo cha rayolaiti za Olkaria, eneo la volkano katika bonde hilo, kujadiliwa kwa muda mrefu.

Tena, si kila mguso huyeyusha. Chini ya volkano ya Vesuvius, Italia, mawe ya chokaa humenyuka na magma na kutoa kaboni dioksaidi. Kuzunguka Mlima Homa, magharibi mwa Kenya, vimiminika vyenye sodiamu na potasiamu vilibadilisha madini ya mwamba ungali mgumu.

Mkiwa uwandani, tumieni muda mrefu pale mwamba uliotokana na magma unapokutana na mwamba unaouzunguka. Pimeni ukubwa wa fuwele kutoka ukingoni kuelekea ndani, na chunguzeni kama vipande vya mwamba mgeni vina pembe kali au vimelika. Huko Lashaine, kaskazini mwa Tanzania, vimo vipande vizito vya peridotiti, mwamba wenye olivini nyingi, kutoka chini ya ganda la dunia. Magma iliyotulia ingeviacha vizame, hivyo iliyovileta juu ilipanda kwa kasi, nayo haikupata nafasi ndefu ya kubadilika njiani.